Eratosthenes, Mwenye Chekeche la Namba

Katika toleo hili nimeona yafaa niwaletee habari za maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani sana, lakini ambaye kazi yake twaifanya mpaka leo hapa shuleni kwetu Bombo, wengi wetu bila ya kujua kwamba ni yake. Jina lake ni Eratosthenes. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukutana naye wanapofundishwa namba tasa. Wanafunzi wa jiografia hukutana naye wanapofundishwa jinsi dunia ilivyopimwa. Na sisi tunaojifunza kuandika programu katika kompyuta chache za shule hukutana naye kila tutakapo kuchagua vitu fulani kutoka katika orodha ndefu. Jambo hili la mwisho ndilo nitakalolieleza kwa urefu, kwa sababu wazazi wetu wengi huuliza ni kitu gani hasa tunachojifunza katika mashine zile.

Kuzaliwa na Kusoma Kwake

Eratosthenes alizaliwa yapata mwaka wa 276 kabla ya Kristo katika mji wa Cyrene. Msomaji akumbuke kwamba miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka wa 276 aweza kufa mwaka wa 194 akiwa mzee sana. Mji wa Cyrene ulikuwa wa Wayunani, lakini haukuwa Ulaya. Ulikuwa katika bara letu la Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya. Basi mtu huyu alikuwa Myunani kwa lugha na malezi, na mzaliwa wa Afrika kwa ardhi. Baba yake aliitwa Aglaos.

Alipokuwa kijana alivuka bahari akaenda Athens, mji uliokuwa na walimu wengi kuliko mji wo wote wa siku zile. Huko alisoma kwa miaka mingi. Wanafunzi wengine walimchagua mwalimu mmoja wakamfuata huyo tu mpaka mwisho, kama watu wafuatavyo bendera. Eratosthenes hakufanya hivyo. Alimsikiliza huyu na yule, hata kama walimu hao walikuwa wakipingana wao kwa wao, akatwaa kwa kila mmoja lile aliloliona kuwa la kweli. Tabia hiyo ya kuchagua haikumwacha maisha yake yote.

Maktaba ya Alexandria

Yapata mwaka wa 245 kabla ya Kristo mfalme wa Misri, Ptolemy wa Tatu, alimwita Eratosthenes aende Alexandria. Alipewa kazi mbili kubwa: kumfundisha mtoto wa mfalme, na kuwa mkuu wa maktaba ya mji ule. Maktaba hiyo ilikuwa mashuhuri kuliko zote za dunia ya kale. Vitabu havikuwa kama hivi vyetu vyenye kurasa; vilikuwa magombo marefu ya mafunjo, yaliyokunjwa na kupangwa katika rafu.

Sasa fikirini kazi ya mtu anayetunza magombo maelfu kwa maelfu. Msomaji akija akitaka habari za dawa, au mashairi ya mtu fulani, hawezi kufunuliwa magombo yote moja baada ya jingine mpaka jua lichwe. Lazima pawe na orodha. Kabla ya Eratosthenes, mwanachuoni mmoja aitwaye Callimachus, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Cyrene, alikwisha kutunga orodha kubwa ya waandishi na kazi zao, ikajaa magombo 120. Kwa hiyo Eratosthenes aliishi katikati ya orodha. Aliamka nazo na kulala nazo. Nadhani ndiyo maana alipata kufahamu mapema jambo ambalo wengi wetu twajifunza leo mbele ya kompyuta: orodha ndefu haina faida mpaka mtu ajue njia ya kutoa ndani yake kile anachokitaka, na kuacha kile asichokitaka.

Wenziwe walimpa jina la utani, Beta. Beta ni herufi ya pili ya alfabeti ya Kiyunani. Walitaka kusema kwamba katika kila elimu yeye ni wa pili: katika hesabu yuko mtu anayemshinda, katika mashairi yuko anayemshinda, katika elimu ya nyota kadhalika. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliye wa pili katika elimu zote ni mtu wa ajabu kuliko walio wa kwanza katika moja. Tena Archimedes, ambaye katika hesabu hakuwa na wa kumpita, alimpelekea Eratosthenes kitabu chake kinachoeleza njia aliyoitumia kuvumbua mambo yake. Mtu hampelekei siri ya kazi yake asiyeweza kuielewa.

Chekeche

Sasa nifike katika kazi iliyompa jina. Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika kamili kwa namba nyingine yo yote ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 7 ni tasa; namba 9 si tasa kwa sababu hugawanyika kwa 3. Euclid, aliyetangulia Eratosthenes, alikwisha kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Lakini kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja, na kukipata ni jambo jingine. Twawezaje kuzipata namba tasa zote zilizo chini ya kiwango fulani, bila ya kukosa hata moja, na bila ya kuingiza isiyostahili?

Njia anayoijua kila mtu ni ya kuchambua, kama mama zetu wanavyochambua maharage kabla ya kuyainjika. Huchukua moja moja, hulitazama, hujiuliza kama lina mdudu, kisha hulitupa au huliweka sufuriani. Vivyo hivyo mtu aweza kuchukua kila namba, akaigawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kadhalika. Njia hiyo ni ya kweli, lakini inachosha, kwa sababu kugawanya ni kazi nzito, na namba ni nyingi.

Eratosthenes aliona njia nyingine, nayo ikaitwa chekeche. Mwenye chekeche hashiki punje moja moja. Humimina zote pamoja, hutikisa, na zisizotakiwa hupita katika matundu zenyewe. Ye yote mwenye penseli aifanye pamoja nami. Andika namba kuanzia 2 mpaka 30 kwa mstari. Namba ya kwanza ni 2, iache. Kisha kuanzia hapo hesabu kwa hatua mbili mbili, na kila utakapofika piga mstari: 4, 6, 8, mpaka 30. Rudi mwanzo. Namba ifuatayo isiyopigwa mstari ni 3. Iache, kisha hesabu kwa hatua tatu tatu: 6 ilikwisha kupigwa, 9 ipige, 12 ilikwisha kupigwa, 15 ipige, na kuendelea. Kisha 5: utaona kwamba ni 25 tu ndiyo mpya; nyingine zilikwisha kupita katika matundu ya 2 na ya 3. Namba ifuatayo ni 7, lakini 7 mara 7 ni 49, nayo imeupita mwisho wetu wa 30. Kwa hiyo kazi imekwisha. Zilizobaki bila mstari ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Ni namba 10, na zote ni tasa. Tena hatukugawanya hata mara moja. Tulihesabu hatua tu, kazi awezayo mtoto wa darasa la pili.

Kitabu chake mwenyewe cha habari hii kimepotea. Aliyetuhifadhia chekeche ni mwandishi wa hesabu aitwaye Nicomachus wa Gerasa, aliyeishi yapata miaka 300 baadaye. Yeye aliandika namba witiri peke yake, kuanzia 3, kwa kuwa namba shufwa zote isipokuwa 2 zimekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Hiyo nayo ni akili: mtu asimimine katika chekeche mawe anayoyaona kwa macho.

Sasa yako mambo mawili katika kazi hii ambayo nawaomba wenzangu wayatie moyoni.

Jambo la kwanza, namba iliyopigwa mstari haiondolewi mahali pake. Inabaki pale pale, ina alama tu. Kwa nini? Kwa sababu tunapohesabu hatua tatu tatu, lazima tuzihesabu hata zile zilizokwisha kukataliwa. Mkulima anayepunguza miche ya mahindi anajua jambo hili. Akiambiwa ang'oe mche katika kila shimo la tatu, huhesabu mashimo wala hahesabu miche. Kwa maana mche uking'olewa shimo hubaki. Lakini kama kila mche ung'olewapo ardhi ingejikunja na mashimo yakasogea, hesabu yake yote ingeharibika.

Jambo la pili, jibu laweza kuwa tupu. Tukiuliza ni namba zipi zilizo tasa kuanzia 24 mpaka 28, chekeche halibakizi kitu. Hilo si kosa. Orodha tupu nayo ni jibu, na mtu mwaminifu huiandika kama ilivyo.

Orodha na Kompyuta

Katika kompyuta, orodha ni vitu vilivyopangwa kwa zamu, kila kimoja na nafasi yake: majina ya wanafunzi, alama za mtihani, bei za vitu sokoni. Lugha moja ya kale ya programu, Lisp, iliyoanzishwa na John McCarthy huko Marekani mwaka wa 1958, imepata jina lake kutokana na kazi ya kushughulikia orodha. Lugha tunayojifunza sisi ni Python, aliyoitoa Guido van Rossum wa Uholanzi mwaka wa 1991. Katika lugha hizi zote kazi ya kuchagua ina sehemu tatu: orodha yenyewe, sharti, na orodha mpya ya vile vilivyotimiza sharti. Mashine hupita kutoka kitu cha kwanza mpaka cha mwisho. Kila kimoja hukiuliza swali lile lile. Chenye kujibu ndiyo hukinakili katika orodha mpya, na chenye kujibu siyo hukiacha.

Sharti lahitaji uangalifu, maana mashine haina busara ya kukisia nia ya mtu. Mwalimu akimwambia kiranja alete wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu, kiranja huleta vidato vyote viwili. Lakini ukiiambia kompyuta ichague mwanafunzi ambaye ni wa Kidato cha Pili na ni wa Kidato cha Tatu, itakuletea orodha tupu. Kwa sababu hakuna mtu aliye katika vidato viwili kwa wakati mmoja. Hapo yakupasa kusema au. Sheria za maneno haya matatu, na, au, si, zilitungiwa hesabu na Mwingereza George Boole, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1854. Maneno ni madogo, lakini mlango mzima huzunguka juu yake.

Hatari nyingine ni ile ile aliyoiepuka Eratosthenes. Mwanafunzi mwenye haraka hataki kutengeneza orodha mpya. Huona ni rahisi kupita katika orodha ya zamani huku akiondoa vitu humo humo. Tutazame alama tano: 30, 35, 60, 38, 70. Twataka kuziondoa zote zilizo chini ya 40. Mashine yatazama nafasi ya kwanza, yaona 30, yaiondoa. Mara ile 35 yasogea kujaza nafasi ya kwanza, na 60 yaja nafasi ya pili. Lakini kidole cha mashine kimekwisha kusogea nafasi ya pili. Kwa hiyo chaona 60, wala 35 haikutazamwa kabisa. Chaenda nafasi ya tatu, chaona 38, yaondolewa. 70 yasogea nafasi ya tatu, na kidole chatafuta nafasi ya nne, ambayo haipo tena. Kazi yaisha. Orodha iliyobaki ni 35, 60, 70. Alama 35 imebaki isivyostahili, na 70 imebaki kwa bahati tu, bila ya kuulizwa. La kuogofya ni kwamba mashine hailalamiki. Hutoa jibu lake kwa utulivu, nalo huchapwa vizuri katika karatasi nyeupe.

Mimi naijua hasara ya kurukwa. Nilipokuwa nikiingia Kidato cha Kwanza, chama kimoja, nacho sikitaji, kilitaka kuwasaidia wanafunzi kwa vitabu na sare. Sharti lilikuwa kwamba mtoto awe amefaulu mtihani wa darasa la saba na awe analelewa na mzazi mmoja. Majina yalipangwa kwa herufi, na jina langu lilifuata mara baada ya jina la jirani yangu. Sisi sote wawili tulitimiza sharti. Jirani yangu alipata, mimi sikupata. Mama alikwenda Same mara mbili, nauli ikiwa ya kukopa, na mara zote mbili alijibiwa kwamba orodha imetoka katika kompyuta, na kompyuta haina upendeleo. Maneno hayo yalikuwa kweli, na hayakumsaidia. Baadaye kijana mmoja mwenye kuijua kazi aliitwa kutazama. Aligundua kwamba kila jina lililochaguliwa lilikuwa likihamishwa kutoka katika orodha ya waombaji wakati mashine ingali ikiipita orodha hiyo hiyo. Na kila aliyekuwa nyuma ya aliyechaguliwa alisogea, akarukwa. Aliichukua ile orodha ya waliobaki, akaipitisha tena kwa sharti lile lile, na majina mengine yakatoka, langu likiwemo. Vitabu nilivipata muhula ukiwa umekaribia kwisha.

Katika jambo hilo mna kipimo kizuri ambacho ye yote aweza kukitumia, hata asiyejua kompyuta. Ukimaliza kuchekecha, chukua yale makapi uyachekeche tena kwa chekeche lile lile. Ikiwa kazi ilifanyika sawa, hapatapatikana hata punje moja. Ikipatikana punje, ujue kwamba chekeche lako lina kasoro, usiwalaumu waliobaki nje.

Tena msidhani namba tasa ni mchezo wa darasani tu. Mwaka wa 1977 wataalamu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walivumbua njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa kubwa mno. Njia hiyo imekuwa ikilinda siri nyingi zinazopita katika intaneti. Na watafutao namba kubwa za namna hiyo huanza kwa kuzipitisha katika matundu ya namba tasa ndogo, ili wasipoteze nguvu kuzipima zile ambazo ni dhahiri hazifai. Hivyo chekeche la maktaba ya Alexandria halijatundikwa ukutani.

Kupima Dunia

Kazi nyingine iliyomletea Eratosthenes sifa ni kupima mzingo wa dunia bila ya kutoka Misri. Alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo huitwa Aswan, siku ya mwezi wa Juni ambayo jua hufika mbali kabisa upande wa kaskazini, wakati wa adhuhuri kijiti hakina kivuli. Lakini Alexandria siku ile ile, saa ile ile, kijiti kilikuwa na kivuli. Alikipima akaona kwamba pembe yake ni sehemu moja ya hamsini ya duara zima. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000; basi akazidisha mara 50, akapata stadia 250,000, na baadaye akaongeza kidogo kufikia 252,000. Ikiwa stadia moja ni mita 157, kama wasemavyo baadhi ya wataalamu, zile 250,000 ni kilomita 39,000 na zaidi kidogo. Ikiwa ni mita 185, kama wasemavyo wengine, ni kilomita 46,000 na zaidi. Mzingo wa dunia kupita ncha zake mbili ni kama kilomita 40,000. Kwa mtu mwenye kijiti na akili tu, hilo ni ajabu.

Wanafunzi wa Bombo tunayo nafasi njema ya kuona jambo hilo kwa macho. Sisi tuko nyuzi 4 na kitu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Siku hizo, kama ukungu wa milima yetu ya Upare ukitupa ruhusa, kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani hupoteza kivuli chake kwa dakika chache mchana, yapata saa sita na nusu. Nawashauri wenzangu wajaribu.

Eratosthenes aliandika pia kitabu cha jiografia, na jina hilo la jiografia lasemwa kuwa ni yeye aliyelitunga. Alieleza habari za mto Nile na matawi yake, na kutaja maziwa ya upande wa kusini ambayo maji yake huuingia mto huo. Sisi tunaokaa Afrika Mashariki twajua ukweli wa habari hiyo, maana Ziwa Victoria ni letu na jirani zetu. Katika kitabu hicho alichekecha pia. Wayunani walimheshimu mshairi Homer hata wakayachukua mashairi yake kuwa ramani. Eratosthenes alikataa. Aliona kwamba ushairi una kazi yake ya kupendeza moyo, na kwamba aitafutaye njia ya bahari hana budi kumwuliza aliyeipima. Kadhalika aliandika taarikh, akijaribu kupanga matukio ya Wayunani kwa miaka yake, na vita vya Troy akaviweka mwisho wake mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 1184 kabla ya Kristo.

Sharti Alilolichagua

Nimeacha mwishoni jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo limehifadhiwa na Strabo, mwandishi wa jiografia aliyekuja baadaye. Siku zile Wayunani walikuwa wakiwagawanya wanadamu wote katika orodha mbili: Wayunani, na wasio Wayunani ambao waliwaita washenzi. Wako waliomshauri Alexander Mkuu awatendee wa kwanza kama rafiki na wa pili kama adui. Eratosthenes, ambaye mwenyewe angekuwa katika orodha ya wateule, hakukubali. Aliona kwamba ni afadhali watu wagawanywe kwa wema na ubaya wao. Kwa kuwa wako Wayunani wengi walio wabaya, na wako watu wengi wa mataifa mengine walio waungwana, na akawataja Wahindi, Warumi na watu wa Carthage.

Hapo ndipo ninapouona ukubwa wake. Kujua kutikisa chekeche ni ufundi, nao hufundishika. Lakini nani aliyetoboa matundu, na kwa kipimo gani? Mashine itachagua kwa kabila, kwa urefu, kwa herufi ya jina, kwa lo lote utakaloliambia, wala haitauliza kama ni haki. Swali hilo ni la mtu anayeandika sharti.

Mwisho wa Maisha Yake

Eratosthenes aliishi Alexandria mpaka uzeeni. Katika miaka yake ya mwisho alipofuka. Kwa mtu aliyekaa kati ya magombo mengi kuliko mtu ye yote wa zamani zake, kupoteza macho kulikuwa msiba usio na mfano, na yasimuliwa kwamba ulimvunja moyo kabisa. Alifariki yapata mwaka wa 194 kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 80 hivi. Vitabu vyake vyote vikubwa vimepotea. Tunavijua kwa vipande vilivyonukuliwa na wengine. Muda nao ni chekeche, na matundu yake ni makubwa. Lakini ile njia ya kupiga mistari kwa hatua imebaki, kwa sababu haihitaji gombo wala maktaba. Yahitaji mtu mmoja mwenye subira na mahali pa kuandikia.

Basi wenzangu, siku mtakapoketi katika ofisi na kupewa majina ya watu mia au elfu mchague wa kupewa mbegu, dawa, au nafasi ya shule, kumbukeni mambo manne ya mzee huyu. Orodha ya asili iacheni nzima, mwandike wateule pembeni. Sharti lisemeni wazi, kila na na kila au. Makapi yapitisheni mara ya pili. Na kabla ya yote hayo, jiulizeni kama sharti lenyewe ni la haki. Kwa maana nyuma ya kila jina lililoachwa yuko mzazi aliyepanda gari kwenda Same kuuliza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne